Birika halirudi mezani kwa Mama Sufuria

Saa kumi na mbili asubuhi, muuza maharage ambaye mtaa mzima humwita Mama Sufuria anafunua kifuniko. Anachota harage moja jeusi na kulibinya kwa vidole viwili. Linapondeka bila ubishi, naye anapunguza moto.

Fundi wa gereji ya jirani ameshakaa kwenye benchi. Anauliza chai iko wapi, kama anavyouliza kila siku, na kama kila siku anapewa nusu chungwa.

"Mama, unaniharibia asubuhi."

"Kula kwanza. Chai kanywe huko kwako, masaa mawili yakipita."

Kwa miaka kumi na tisa, maharage na chai ya rangi iliyokolea ndivyo vilivyompa jina. Wateja walizidi sitini kwa siku. Tangu birika la chai liondoke mezani, hawafiki thelathini.

Mwaka juzi, binti yake mkubwa alipokuwa mjamzito, kliniki walimwambia damu yake ni nane tu, badala ya kumi na moja au zaidi. Mama hakutishika, maana maharage anayo. Akampa bakuli asubuhi na bakuli jioni, kila moja na kikombe cha chai nzito. Vidonge vya kuongeza damu vilimchefua binti, na mama akamruhusu aviache.

Binti alijifungua, akatokwa na damu nyingi, akafariki kabla ya adhuhuri. Kichanga naye hakufika jioni.

Baada ya msiba, muuguzi mmoja, mteja wake, alimkalisha chini. Maharage meusi yaliyoiva vizuri, alimweleza, yana protini, yana nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo na kudhibiti sukari mwilini, na yana madini ya chuma yanayojenga damu. Ila chuma hicho mwili hukipata kwa shida. Chungwa hukisaidia, chai hukizuia. Na damu ikishuka kiasi kile, vidonge havina mbadala.

Muuguzi aliongeza kwamba kutokwa na damu vile kungeweza kumuua hata mwenye damu ya kutosha. Hilo halijamwingia hadi leo.

"Nilimlisha kwa mikono yangu," anasema, macho yakiwa kwenye sufuria, "nikamzibia kwa chai ya mikono hiyohiyo."

Nyuma ya jiko, binti yake mdogo anakata machungwa. Ana mimba ya miezi saba. Damu yake ilikuwa nane na nusu, mwezi uliopita ikafika tisa na nusu. Kesho kutwa atapimwa tena.

Mama anampa kidonge na maji, anasubiri ameze, kisha anamwambia afungue mdomo aone. Binti anacheka kidogo, lakini anaufungua.

Birika limefunikwa chini ya meza, limeshika vumbi. Akiulizwa kama atalirudisha binti akijifungua salama, Mama Sufuria anatikisa kichwa.

"Anikabidhi mjukuu, na yeye mwenyewe awe amesimama," anasema. "Sina mpango mwingine."