Daktari Niliyempa Jina la Kaka

Pale Kabuku, kabla kila mtu hajawa na sinema kwenye simu yake, mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri wa banda la video. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini mdomo ninao, na mapengo niliyaziba kwa kuwapa waigizaji majina ya watazamaji. Jambazi alikuwa fundi baiskeli, malkia alikuwa mama muuza vitumbua. Asiyetajwa alinuna.

Jumamosi moja mchana akaingia kaka yangu mkubwa. Alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke hospitali ya wagonjwa wa akili, nilikompeleka mwenyewe akiwa amefungwa kamba mikononi. Kwetu Kwaluguru watu walimsalimia kwa mbali. Nilikuwa nimemwomba aje akae na wenzake, wamzoee upya. Nilitaka hilo kuliko kitu chochote. Akakaa benchi la mbele, shati limepigwa pasi.

Filamu ilikuwa ya vichekesho, ikizidhihaki zile za zamani za kutia hofu: muziki unapanda, mlango unafunguka polepole, anatokea paka. Yote yalitokea kwenye hospitali ya vichaa. Ningeitazama kwanza nyumbani, ningeiacha. Sikuitazama, nilijiamini mno. Nikamwona daktari mkuu, koti jeupe, kila mtu anamnyenyekea, nikampa jina la kaka. Banda likapiga makofi. Kaka akageuka, akatabasamu. Tangu arudi sikuwa nimeliona tabasamu lile.

Karibu na mwisho ikajulikana kwamba daktari ndiye kichaa kuliko wote. Wakamfunga mikono, wakamburuta korido nzima. Watu walicheka mpaka benchi likaanguka, wakiliita jina la kaka. Nami, Mungu anisamehe, niliendelea kutafsiri, tena kwa mbwembwe.

Kaka akasimama, akaja mpaka kwenye kiti changu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hata humo umenirudisha?"

Siku hizi anaishi Hale kwa dada yetu. Nikienda namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, tunaongea habari za mahindi. Sijawahi kumwomba radhi. Naogopa ataniuliza mbona sikuizima filamu ile, na rimoti ilikuwa mkononi mwangu.