Radhi Dukani kwa Swabir

Bi Mwanamkuu wa Gazi ni mwanamke wa staha, mwepesi wa kuuguza wagonjwa na kuwakosha maiti wa kike, wala sijapata kusikia jirani akimlalamikia. Jambo moja tu liliukausha moyo wake, nalo ni dhulma aliyofanyiwa na Swabir, mwenye duka la vyakula pale Ukunda.

Wanawake wa kwetu hufunika vikapu vyao kwa leso. Kilichomo ndani ni sitara ya nyumba, na hata mume hakifunui mbele ya mgeni. Siku hiyo ya zamani, Yusra bintiye angali mdogo wa kushika upindo wa nguo ya mamake, Swabir alimzuia Mwanamkuu mlangoni akimtuhumu kuiba pakiti ya iliki. Akaivuta leso, akatoa kimoja kimoja na kukipanga mezani: mikate ya mofa, sabuni, vitambaa vya siri vya mwanamke. Wateja walitazama. Iliki ilikuwamo kweli, nayo ilikuwa imenunuliwa duka jingine, lakini Swabir hakutaka kusikia. Aliichukua akairudisha rafuni kwake. Haikupita wiki, pakiti yake ikaonekana nyuma ya gunia la mchele. Alimweleza mkewe peke yake, na mkewe aliificha habari hiyo miaka mingi kabla haijamtoka. Swabir mwenyewe alinyamaza.

Mwanamkuu hakumlaani wala hakumshitaki. Alisubiri. Kila alipokwenda Ukunda alipita mbele ya duka lile kwa makusudi, akamwambia Yusra, "Litazame. Usilisahau." Haji, mumewe, alimsihi mara nyingi ayaache. Alimjibu kwamba yeye hatafuti ugomvi na mtu. Anangoja tu siku ambayo Swabir atamhitaji.

Mwaka huu siku hiyo ikafika. Swabir alijaaliwa safari ya Hija, na kwetu anayekwenda Makka hawezi kuondoka kabla hajawazungukia watu kuwaomba radhi, kwa kuwa haki ya mja haisamehewi ila na mja mwenyewe. Akamtuma dadake Gazi na sahani ya halua. Halua ilirudi haikuguswa, pamoja na jawabu: alinivunjia heshima penye mizani ya duka lake, na ataniomba radhi penye mizani hiyo hiyo.

Jumamosi Mwanamkuu akaenda Ukunda na Haji na Yusra kununua vyakula vya arusi ya Yusra. Alichagua saa ambayo duka lilikuwa limejaa. Swabir aliinuka, akawaamkia kwa adabu na kumsogezea Haji kiti. Mwanamkuu akaagiza mchele wa biriani, samli, zabibu, bizari, na mwisho kabisa iliki. Swabir alivitia vyote kikapuni kwa mkono wake. Mwanamkuu akakifunika kikapu kwa leso, akakisukuma mbele yake.

"Sasa funua, bwana Swabir. Toa kimoja kimoja, kama siku ile."

 Jumwa, muuza nazi aliyekuwa akipimiwa sukari, akamwambia Swabir afanye taratibu, asije akahitaji kulisogeza tena gunia la mchele. Watu wakacheka. Swabir akaivuta leso, akaanza kutoa, na Mwanamkuu akamtaka akitaje kila kitu kwa jina lake. Ilipofika zamu ya iliki, Mwanamkuu akamzuia.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, dada yangu."

"Na ile?"

"Ile pia ilikuwa yako. Hukuiba kitu. Nilijua, nikanyamaza."

"Wa mlangoni hawakusikia."

Swabir akarudia kwa sauti kubwa. Kisha akamwomba amwie radhi, asiende kwenye Nyumba ya Mungu na haki yake shingoni. Mwanamkuu akautazama uso wake kama mtu anayekunywa maji baada ya swaumu ndefu. Hatimaye akasema, "Nimekuwia radhi."

Swabir alishusha pumzi. Akamgeukia Haji, naye Haji akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia Yusra, kwa adabu tu, kwani hakudhani kwamba binti naye alikuwa na haki kwake.

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi bado, ami Swabir."

Mamake akamwambia aseme, mambo yamekwisha.

"Yako yamekwisha, mama," alisema Yusra kwa sauti ya chini. "Mimi niliitwa mtoto wa mwizi chuoni mpaka nikaihitimu Kurani. Nawe kila tulipopita hapa uliniambia nisisahau. Sikusahau."

Swabir akauliza afanye nini.

"Watafute wenzangu wa chuoni, uwaambie ulivyotuambia sisi. Wamekuwa watu wazima, wametawanyika. Ukimaliza wote, njoo kwangu."

Safari ya Swabir ilikuwa keshokutwa.  Aliyoyasikia Mwanamkuu yalikuwa malezi yake mwenyewe. Yusra akakichukua kikapu kitupu, akaiacha leso mezani pamoja na vyakula, akavuka barabara kwenda kununua duka jingine. Wazazi wake wakamfuata.

Alasiri ile Swabir alionekana Gazi, kanzu yake imerowa jasho, akibisha hodi nyumba kwa nyumba na kuuliza fulani ameolewa wapi, fulani anavua pwani gani. Mwanamkuu aliisikia sauti yake barazani kwa jirani. Alikwenda uani kumwita bintiye atoke amwie radhi. Yusra alikuwa akichambua mchele wa arusi juu ya ungo, na hakuinua kichwa.