Kipanga wa Kitambaa cha Mwavuli

Saa kumi na mbili na dakika arobaini za asubuhi, mkaratusi mkavu uliokuwa juu ya kilima chetu pale Kingi ulianguka, na kaka yangu mkubwa akapiga makofi. Kipanga aliyezoea kukaa kwenye tawi lake la juu aliondoka kabla shoka halijafika katikati ya shina. Alizunguka juu ya vichwa vyetu, kifua cheupe, mkia wa rangi ya matofali, kisha akaelekea kilima cha ng'ambo.

"Mwizi amekwenda," kaka alisema. "Sasa kwale yote iko yetu."

"Tumefukuza mulaji moja," nilimjibu. "Kama njo mwizi, bado hatujui."

"Weye na vitabu yako."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Miezi miwili kabla ya hapo tulikuwa tumeshuka Buleusa, kule Walikale, kuwaona wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa binti yake wa kwanza. Walitupokea vizuri, wakatupikia kanga wa msituni. Baba wa kijana ni mwindaji, ana sauti nene na mzaha usiokwisha. Alimsogezea kaka bakuli, akamwita papa, yaani baba, akasema: "Kula, papa. Najua kule ku milima munakulaka maharagi na jibini, na siku ya sikukuu munakulaka jibini na maharagi."

Nyumba nzima ilicheka. Kaka pia alicheka, ila nilimwona akiweka kijiko chini.

"Siku mutapanda kwetu na mahari," alisema, "kila mugeni atakula kwale yake nzima, pasipo kugawanya."

Wangekuja wageni wanane. Neno kama hilo, ukishalisema mbele ya wakwe, hulirudishi mfukoni. Kaka aliweka pembeni dola themanini za kununua mbuzi kama mambo yangeharibika, akaziita franga ya haya, pesa za aibu, akaapa kutozigusa. Binti yake alijua vizuri kuliko sisi wote maana ya mbuzi huyo. Kule msituni angeitwa Mama Jibini mpaka azeeke.

Kwetu kwale hawakamatwi kwa bunduki. Mtu hujenga uzio wa vijiti na majani makavu, usiofika gotini, ukikata mteremko wa malisho kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kila baada ya hatua chache anaacha kijimlango, na katika kila kijimlango anaweka tanzi la uzi. Halafu watu wawili wanapanda polepole kutoka chini wakipiga majani kwa fimbo. Kwale anakimbia mbele yao kwa miguu, anafika kwenye uzio, anatafuta njia, anapita mlangoni, na tanzi linafunga. Kaka ameishi na uzio huo tangu ujana wake.

Kuhusu kipanga tulikuwa tumebishana siku nyingi. Mimi natengeneza redio. Shule niliiacha mapema, na yaliyobaki nimejifunza katika vitabu vya kuokoteza, kimoja kikiwa kitabu cha ndege cha Kifaransa kisicho na jalada. Humo nilisoma kwamba ndege hawa hutapika vidonge vya manyoya na mifupa wasiyoweza kuyeyusha. Nilikwenda chini ya mkaratusi, nikaviokota, nikaviloweka katika sahani na kuvifungua kwa sindano. Vingi vilikuwa na manyoya na taya za panya. Kimoja kilikuwa na mguu wa kinyonga. Kimoja kilikuwa na kucha za kwale.

Nilimwonyesha kaka nikidhani nimemtetea kipanga. Alizipita taya zote za panya, akashika kucha.

"Huyu njo kwale yangu," alisema, akaenda kunoa shoka.

Wiki ya kwanza baada ya mti kuanguka, uzio ulikamata kwale wawili, tukawaweka hai katika kitundu cha mianzi nyuma ya jiko. Wiki ya pili ulikamata panya. Wiki ya tatu haukukamata kitu, na wageni walitazamiwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kaka alipunguza maneno. Akaanza kusema kwamba kwale wameisha, wamehama, labda wameshuka wenyewe Walikale kuolewa.

Lakini kila alfajiri, nikinywa chai mlangoni, nilikuwa nikiwasikia. Kwale dume ana mahali pake pa kulilia, na hapaachi hovyo. Mmoja alilia juu ya kichuguu, mmoja kwenye mawe ya kijito, mmoja nyuma ya zizi, kama walivyolia wakati mti ungali umesimama. Hakukuwa na sauti iliyokosekana. Kwale walikuwepo wote. Kilichokosekana ni kwale kuingia mlangoni.

Jumatano nilifunga karakana, nikakaa juu ya jiwe mahali ninapouona uzio wote, nikamwomba kaka na binti yake wapige majani kama kawaida. Mama yake hakutaka. Bibi arusi hukaa ndani siku hizo. Binti alichukua fimbo tu.

"Njo mimi nitachekwa, mama," alisema. "Acha nipige."

Walipanda. Kwale wa kwanza aliruka kutoka majanini kwa kishindo, akapita juu ya uzio, akatua upande wa pili. Wa pili vilevile. Kisha watatu kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyekimbia kwa miguu. Niliangalia juu kuwafuata kwa macho, na hapo juu hapakuwa na kitu: anga tupu, bluu, toka kilima mpaka kilima. Nilisimama juu ya lile jiwe kwa ghafla hata karibu nianguke.

"Kaka," niliita, "zamani kwale yako ilikuwa inatembea sababu iliogopa kuruka."

"Iliogopa nini?"

"Ule ulimukatia muti."

Aliangalia anga kama mimi. Nilimweleza kwa mpangilio. Kwale akiwa na kipanga juu yake angani, anayeruka ndiye anayeonekana. Basi anabaki chini ya majani na kukimbia. Kipanga akiondoka, hofu haiishi siku hiyohiyo. Inapungua kidogo kidogo, ndiyo maana wiki ya kwanza uzio ulikuwa bado unafanya kazi. Kama kipanga anapunguza kwale wa kilima ama anawaongeza kwa kuwala panya wanaokula mayai yao, hilo sikuweza kulijua, na sijui hadi leo. Lakini anachokula ni jambo moja, na anachotisha ni jambo lingine. Kaka alikuwa ameishi miaka yote kwa lile la pili bila kulilipia.

"Sasa tutamurudisha namna gani?" binti aliuliza. "Tuko na siku mbili."

Jioni ile nilipasua mianzi, nikaifunga mfano wa mabawa yaliyonyooka, kama ya tiara, nikashusha mwavuli mweusi kutoka ukutani.

"Ule mwavuli iko wangu," alisema mke wangu kutoka mlangoni.

"Najua."

"Unajua, na makasi iko mu mukono."

"Nitanunua ingine."

"Njo vile ulisemaka juu ya redio yangu. Ingali mu karto, vipande vipande."

Nilikata. Uzi ulikuwa wa nailoni, wa wavuvi, niliununua Alhamisi kwa dereva wa pikipiki aliyetoka Sake.

Ijumaa asubuhi upepo ulikataa. Kipanga wangu aliinuka kimo cha paa, akaangukia zizi, na ng'ombe wa jirani wakatoka mbio. Tulingoja. Kama saa nne upepo ulianza kupanda kutoka bondeni, uzi ukajivuta wenyewe mkononi, na tiara ikaenda juu. Ila ilikuwa ikitikisika huku na huku.

"Iyi iko kipanga ao mulevi?" kaka aliuliza.

Swali lilikuwa la haki. Kipanga wa kweli husimama hewani akiwa ametulia. Ilihitaji uzito nyuma. Binti alipasua ukingo mwekundu wa kitenge chake, akaufunga mkiani mwenyewe. Niliiachia tena. Safari hii ilipanda, ikalala juu ya upepo, ikatulia.

Dume la kwenye kichuguu lilikuwa likilia. Lilikatika katikati ya mlio. Kisha nilisikia kuku huko chini nyumbani, wote kwa pamoja, sauti ile ya kuwaita vifaranga chini ya mbawa, na mke wangu akipaza sauti kwamba kipanga wangu mjinga anamtishia kuku wake. Kilima kizima kilikuwa kimenyamaza.

"Endeni," niliwaambia. "Polepole."

Sikuweza kuwaangalia. Nikigeuza kichwa, uzi ulilegea. Nilibaki na anga na masikio. Nilisikia fimbo zikipiga majani, na hakuna bawa lililopiga. Nilisikia tu mchakacho mdogo chini ya majani, kama mvua inayoanza, ukipanda kuelekea kwenye uzio. Kisha sauti ya binti:

"Iko moja."

Fimbo tena.

"Iko mbili. Baba, shika ile ingine, inakata uzi."

Tulipiga kilima mara tatu kabla upepo haujaanguka. Kwale wanne. Pamoja na wale wawili wa kitundu walikuwa sita. Kaka alikuwa akicheka peke yake akipanga matanzi upya, akimwita mwavuli "papa mukubwa".

Jumamosi ukungu ulikaa juu ya malisho kama umelipia kodi. Simu ya kaka ililia: wageni walikuwa wamelala njiani, Kashebere, tayari wamepata pikipiki. Sauti nene ya baba wa kijana ilisikika hadi nilipokuwa nimesimama, ikiuliza kama watu wa milima wameamka au bado wanakamua jibini. Kaka alijibu kwamba sufuria ziko juu ya moto, jambo ambalo lilikuwa kweli. Zilikuwa na maji. Kisha akaingia ndani, akatoka na zile dola themanini zimekunjwa, akaziweka katika mfuko wa shati. Mwenye mbuzi alikaa nyumba ya tatu.

Ukungu ulifunguka saa nne na nusu. Tulipanda tukikimbia. Mzunguko wa kwanza, kwale mmoja. Wa pili, hakuna. Nafikiri waliobaki walikuwa wamesogea juu, karibu na kisiki cha mkaratusi. Tukapanda huko. Niliachia uzi wote nilionao.

Hapo nikasikia mlio ambao haukuwa wa kwale. Kutoka kilima cha ng'ambo kipanga mwenyewe alikuwa anakuja, mkia wa rangi ya matofali, moja kwa moja, akilia kwa hasira. Alikuwa ameona mgeni juu ya shamba lake. Alipanda juu ya tiara, akakunja mabawa, akashuka. Nilihisi pigo lile katika vidole. Uzi ulikatika, kitambaa kikapasuka, kikashuka kinazunguka bondeni, naye akabaki peke yake angani, akilia, akizunguka kisiki chake.

Sijawahi kusikia kilima kimenyamaza kama wakati ule. Hata binti alikuwa amesimama, fimbo hewani, mdomo wazi.

"Piga," nilimwambia kwa sauti ndogo.

Alipiga mara moja. Kitu kilikimbia chini ya majani, kikafika kwenye uzio, kikaingia mlangoni.

"Iko nane," alisema, akaketi chini na kuanza kulia na kucheka.

Wageni walifika mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Mahari ilihesabiwa, sala ikasomwa, bugali ukaletwa. Baba wa kijana alifunua bakuli lake, akaangalia, akafunua la mwenzake, kisha akanyanyua la tatu kana kwamba anakagua mitego ya mtu.

"Na jibini iko wapi?" aliuliza.

"Ni ya kesho," kaka alijibu. "Kama mutakuwa na adabu."

Mzee yule alicheka hadi akashika ubavu. Baada ya chakula alitaka kujua, mwindaji kwa mwindaji, nami nikamletea mabaki ya mwavuli tuliyoyaokota bondeni. Alipitisha kidole kwenye mpasuko wa kucha, na mzaha ukamtoka usoni.

"Sisi mu pori tunaigaka mulio ya tai," alisema. "Kanga inasimama, haiende hata hatua. Lakini kumushonea nguo, iyo sijaonaka." Akamgeukia binti. "Mwanangu, iyi mwavuli utatuletea Buleusa. Uyu papa mudogo mwenye kuishona anaweza kubakia."

Wiki iliyofuata kaka alisimamisha nguzo ndefu mahali pa mkaratusi, na kijiti cha kukalia kimepigiliwa juu. Aliichimbia mwenyewe, bila kuniuliza. Siku ya tano asubuhi, nikiwa na chai mlangoni, kipanga alikuwa juu yake akiangalia malisho, na dume la kichuguu halikulia hadi jua lilipopanda.

Mke wangu alipata mwavuli mpya, dola tano. Uzi wa nailoni ulikuwa dola moja. Mbuzi wa nyumba ya tatu alibaki kwao. Tuliokoa dola sabini na nne.