Pijo la Wachuka na Lango la Subukia

Ukipita barabara ya nyuma kule Lanet asubuhi ya Jumamosi, ukasikia nyundo ikigonga bati taratibu, usidhani kuna fundi mpya amehamia mtaani. Huyo ni Wachuka, mama aliyestaafu kila kitu isipokuwa mikono, yuko gereji kwake anabishana na gari. Tena anabishana kwa sauti, na majirani wanasikia. Husema gari la zamani ni kama mkwe: usipolisemesha linanuna, ukilisemesha mno linakuzoea.

Gereji yenyewe ni kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba. Mlemle ndani mna jeki mbili, debe la oili chafu, na redio inayoshika stesheni moja tu, ya kuhubiri. Wachuka anasema mahubiri hayadhuru injini.

Kabla ya kustaafu aliendesha lori la maziwa. Kwa miaka mingi alipanda na kushuka milima ya Subukia, akikusanya maziwa kwa wakulima na kuyafikisha Nakuru kabla hayajachacha. Mwanzoni wanaume walimcheka, mwanamke gani huyu mwenye lori. Wakacheka mpaka wakachoka, wakaanza kumwomba lifti. Kule milimani ndiko alikojifunza kusikiliza injini. Alijua kwa sikio tu kwamba plagi moja imelala, jinsi wewe unavyojua mtoto wako ana homa kabla hujamgusa.

Siku ya kustaafu alipewa blanketi, chupa ya chai na hotuba ndefu. Zawadi aliyoitaka hasa alijitafutia mwenyewe. Kwenye shamba moja huko Subukia palikuwa na gari kuukuu, Pijo 404, limezama kwenye majani, na kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Wachuka alikuwa amelipita kila siku ya kazi na kulisikitikia. Mwenye shamba akakubali kumwachia, sharti aondoke na kuku pia, kwa kuwa walikuwa wamekataa kulala mahali pengine. Basi likavutwa hadi Lanet na kuku wake ndani, na mtaa mzima ukatoka kutazama.

Sasa usidhani alikuwa na wazimu wa magari tu. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliitwa Nderitu, mwanawe wa pekee. Baba yake Nderitu aliteremka Kamere, kule Naivasha, zamani kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua. Kazi akapata, na mke mwingine akapata, akaona amalizie maisha hukohuko. Wachuka alilia kilio chake, akapangusa uso, akalea. Yeye mwenyewe hakuwahi kufanyiwa harusi. Alihamia kwa mume na godoro na sufuria, mambo yakaisha. Kwa hiyo aliapa kwamba mke wa Nderitu atatolewa kwao kwa heshima, ndani ya gari lililofufuliwa na mikono ya mama mkwe wake. Hilo ndilo alilolitaka duniani, na wala hakulificha.

Alifanya kazi miaka kadhaa. Alikwangua kutu, akapiga msasa, akashona viti upya. Lilipofika suala la rangi, vumbi la Lanet likamshinda, kwani ukipaka rangi hapo nje saa mbili, saa tatu gari lina ndevu. Akaagiza karatasi kuukuu za nailoni, zile wanazofunikia nyumba za maua Naivasha, akajenga hema uani. Ndani ya hema hilo hapakuwa na vumbi wala nzi, na rangi ya krimu ikashika vizuri. Ila majirani nao wakaona lao.

"Mama Nderitu," Jerop wa nyumba ya pili akamwita kutoka kwa ukuta, "hizo nyanya zako zitaiva lini? Niwekee kreti moja."

"Nyanya ni moja tu, Jerop, na iko na magurudumu manne."

"Ati nini?"

"Kuja uone."

Jerop akaja akaona, akashika kiuno, akacheka hadi akakaa chini.

Kitu kimoja tu kilibaki kumsumbua Wachuka: stata. Aliifungua na kuifunga mara nyingi kuliko sufuria ya ugali. Asubuhi ilikuwa inashika vizuri sana, lakini ikipata joto inakataa, inagonga tak, basi. Gari likizimwa likiwa moto ni kusukumwa. Na ule mkono wa chuma wa kuwashia kwa kuzungusha mbele ulipotea enzi za kuku. Wachuka aliamini kwamba stata ya namna hiyo haihitaji dawa, inahitaji mtu anayejua tabia zake.

Nderitu akapata mchumba, Lynn, binti wa Subukia. Mahari ikazungumzwa, tarehe ikapangwa, kamati ya harusi ikaundwa. Mwenyekiti akawa Kipyegon, jirani aliyewahi kuwa chifu msaidizi na ambaye mpaka leo hakuna aliyemwambia kwamba ile kazi iliisha. Kipyegon alitaka bibi harusi abebwe na Prado nyeupe.

"Mama Nderitu, hiyo gari yako tunaiheshimu," akasema kwenye mkutano wa Jumapili, chai mkononi. "Lakini bibi harusi si maziwa. Na mimi niliisukuma siku ya Pasaka, pale junction, nikiwa na suti yangu ya kanisa. Watu walinipiga picha."

"Ulisukuma vizuri, chairman."

"Sitaki kusukuma tena."

"Chairman," Nderitu akaingilia, "mathe akisema itafika, itafika. Mimi na Lynn tunataka hiyo."

Kamati ikabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Kipyegon akatoa hukumu. Pijo litambeba bibi harusi, lakini Prado itafuata nyuma. Pijo likisukumwa siku hiyo, bibi harusi atashuka na kuingia Prado, na hakuna atakayenung'unika. Wachuka akakubali mbele ya watu wote. Moyoni alikuwa ameshapiga hesabu yake: atawasha alfajiri likiwa baridi, hatazima njiani, atamchukua Lynn injini ikinguruma, na atazima kanisani Bahati. Ibada ni ndefu, stata itapoa, litawaka tena wakitoka. Wapi litasukumwa hapo?

Siku ikafika. Pijo likashika mara moja, likapanda Bahati, likateremka Subukia, utepe unapepea, Wachuka kwenye usukani na kilemba chake kipya. Nyuma yake ilifuata Prado, kisha magari ya akina mama wa Lanet wakiimba. Alikuwa na furaha nyingi asubuhi hiyo, hata akawapigia honi ng'ombe.

Kisha wakafika kwa kina Lynn, wakakuta lango limefungwa.

Jamani! Wachuka, ambaye amefunga malango mangapi katika maisha yake! Wachuka, aliyewahi kuwaimbisha wageni langoni kwa dada yake mpaka wakaomba maji! Hakuna harusi ya Kikuyu ambapo bibi harusi anatolewa hivihivi tu. Wanawake wa kwao hufunga lango, wageni huimba wakiomba, wao hujibu wakikataa, na hilo huendelea mpaka wenye lango waridhike. Wachuka alikuwa amekumbuka plagi, maji, upepo wa tairi na hata kitambaa cha kupangusia kioo. Lango alilisahau kabisa. Mwosha huoshwa.

Wakaimba wa Lanet, wakajibu wa Subukia. Wakatoa leso, zikapokewa, lango likakaa. Wakatoa sukari. Lango likakaa. Pijo lilikuwa likinguruma palepale juani na sindano ya joto ikipanda. Halafu shosho yake Lynn, yaani nyanya yake, mkongwe mdogo wa mwili mwenye sauti ya watu wanne, akanyamazisha nyimbo na kunyoosha fimbo yake.

"Nani ameacha gari ikinguruma? Mnakimbia wapi? Mmekuja kuchukua mtoto ama kuiba? Hatufungulii watu wenye wanaenda. Zimeni!"

Wachuka alijua hakuna pa kukimbilia. Maneno hayohayo amewahi kuyasema yeye. Akazima.

Nyimbo zikaendelea kwa raha zao. Lango lilipofunguliwa hatimaye, na watu wakamiminika ndani kwa vigelegele, Wachuka akageuza ufunguo. Tak. Akangoja, akageuza tena. Tak. Hasira zikampanda, akashikilia ufunguo bila kuachia, jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine yeyote kwa kulifanya. Moshi mwembamba ukatoka chini ya boneti na harufu ya waya ulioungua. Stata ilikuwa imekufa, si kununa tena. Alitaka kulia.

"Ni nini, mama?" shosho akauliza dirishani.

"Imekataa, shosho. Inataka kusukumwa."

"Na si useme! Wasichana, kujeni hapa!"

Wanawake walewale waliomfungia lango wakalizunguka Pijo, wakalisukuma kwa wimbo, shosho akielekeza kwa fimbo. Wachuka akaachia klachi, likashtuka, likakohoa, likawaka. Lynn akatoka nyumbani na shela lake, akaona shangazi zake wanahema, akacheka, akaingia kiti cha nyuma bila kuuliza.

Kipyegon akateremka kwenye Prado. "Imesukumwa."

"Imesukumwa na sisi," shosho akamjibu, "na hapa ni kwetu. Na mtoto hakuwa ndani. Hiyo haihesabiwi."

Mzee wa watu akatazama wale wanawake, akatazama ile fimbo. "Sawa," akasema. "Lakini pale kanisani, mbele ya watu na kamera, ikisukumwa hata kidogo, ni Prado. Mama Nderitu, umesikia?"

Alisikia. Wakapanda mlima kutoka Subukia, Lynn akiimba nyuma, na Wachuka alishukuru Mungu kwa kila kona. Lakini lile joto la langoni lilikuwa limeiacha injini na kikohozi. Walipofika kanisani Bahati, ukiondoa mguu kwenye akseleta inataka kuzima. Na ikizima, hakuna stata.

Lynn akashuka, akapokewa, watu wakaingia. Wachuka akabaki ndani ya gari, mguu wake palepale. Akamwita dereva wa Prado amkanyagie akseleta kidogo.

Kijana akachungulia. "Mathe, gia iko wapi?"

"Kwa usukani. Lakini hutaki gia, wewe kanyaga tu hapa."

"Zii, mathe. Ikizima itasemekana ni mimi." Akarudi zake kwa gari lake.

Basi Wachuka akajituliza. Kanisa lina spika nje, atasikia kila neno. Kuona si lazima. Watu wangapi husikiliza harusi kwa redio? Na ibada ikiisha, mwanawe atatoka na mkewe, watakuta gari linanguruma, Kipyegon atafunga mdomo, na ile ndoto yake itakuwa imetimia. Nyimbo zikaimbwa, maombi yakaombwa, akasema amina peke yake kwenye usukani.

Kisha sauti ya mchungaji ikatoka kwenye spika. "Kabla ya viapo, tunaomba wazazi wa bwana harusi wasimame, wambariki mtoto wao."

Spika ikakwaruza tu.

"Wazazi wa bwana harusi?"

Mtoto mchanga akalia mahali, mtu akakohoa. Wachuka aliuona akilini mkoba wake, ambao akina mama wa Lanet walikuwa wamemwekea kwenye benchi la mbele kushikilia nafasi, na hakuna mtu kando yake. Akamwona Nderitu amesimama pale na suti yake, anageuka kutazama. Siku za wazazi shuleni, wakati wenzake wanashikwa mkono, yeye mama alikuwa Subukia anapakia maziwa. Siku kijana alipomaliza chuo, lori lilikwama kwenye matope akafika watu wameshakula. Na kila mara Nderitu alimwambia, "Haina shida, mathe." Hata leo angesema haina shida. Hilo ndilo lililomchoma.

Akaondoa mguu. Hakungoja Pijo likohoe lenyewe, akageuza ufunguo akalizima, akafungua mlango.

Aliingia akiwa anakaribia kukimbia, kilemba kimeenda upande, oili kwenye kiganja. "Niko hapa!" akasema kwa sauti ya watu wa malori. Kanisa zima likageuka. Mtu akacheka, mwingine akapiga kigelegele, na shosho wa Subukia akagonga fimbo yake sakafuni. Nderitu hakusema haina shida. Alimtazama mama yake, akajikaza, akashindwa, akapangusa macho kwa mkono wa suti. Wachuka akasimama mahali pa wazazi wawili, akaweka mkono wake mchafu juu ya kichwa cha mwanawe, akambariki kwa Kikuyu, polepole, bila kuruka neno.

Walipotoka, Pijo lilikuwa kimya na utepe wake. Kipyegon alimkaribia, na tumtendee haki, hakufurahia ushindi wake. "Mama Nderitu, tujaribu kusukuma?" akauliza. "Mimi niko tayari."

"Neno ni neno, chairman. Leta Prado."

Akamfungulia Lynn mlango yeye mwenyewe, akakunja lile shela likaingia lote, akafunga, akapiga bati mara mbili kama anavyoruhusiwa dereva kwenda. Prado ikaondoka. Pijo lilibaki kwenye uwanja wa kanisa mpaka wiki iliyofuata.

Pale kwenye sherehe Jerop alimsogelea na sahani yake ya pilau, akamuuliza polepole kama ilimuuma kuona bibi harusi akienda na gari la watu.

"Iliniuma sana," Wachuka akasema. "Lakini nilisimama. Si uliniona?"