Siku Mè Mapalesa Aliporuka

Selloane aliolewa katika kijiji cha Ha Sekoai akitokea nyanda za chini, hajui hata kupanda farasi, na hilo peke yake lilimpa mama mkwe wake, Mè Mapalesa, la kusema mwaka mzima. Milimani kule Lesotho, mtu asiyejua farasi ni kama asiyejua kutembea. Lakini Selloane alijifunza. Akaanguka, akajifuta vumbi, akapanda tena, hata nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya mto ikamwajiri kuwaongoza watalii hadi kwenye maporomoko ya maji.

Huko ndiko ugonjwa wa picha ulikomwanzia. Kila mtalii alimkabidhi kamera: nipige hapa, nipige pale. Akapiga mpaka jicho likazoea. Akajua kwamba jua la utosini huufanya mlima uonekane bapa kama sahani, na kwamba asubuhi, jua likiwa bado linachungulia, kila kunjo la mwamba hujitokeza. Basi mbuzi wake wa manyoya waliponyolewa, akauza manyoya, akarudi nyumbani na kamera ndani ya blanketi, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Mè Mapalesa alishika kiuno.

"Wenzio wakiuza manyoya wananunua sufuria. Wewe umenunua jicho!"

"Haya mawili hayakunitosha, Mè."

"Sasa hilo la tatu lisinitazame mimi. Mimi si maporomoko."

Na alimaanisha. Kila kamera ilipoinuliwa, bibi aligeuka. Selloane akawa na picha nyingi za mgongo wake: mgongo jikoni, mgongo kwenye maboga, mgongo ukiingia kanisani. Kijijini walimwogopa mama huyu. Alikuwa mjane mnyoofu, mwenye ulimi mkali, aliyeyaita mashindano ya farasi upuuzi wa wanaume wasio na kazi.

Hata hivyo, mashindano ya majira ya baridi yalipofika, alikwenda. "Nakwenda kuuza maandazi," alisema, "siendi kutazama."

Theluji ilikuwa bado juu ya vilele, na uwanja umejaa mablanketi ya kila rangi mabegani mwa watu. Mbio za mwisho zilikuwa baina ya Sefako, farasi wa mzee mmoja, Ntate Sekhonyana, na Lehalima, farasi wa mzee mwenzake, Ntate Khoabane. Zawadi ilikuwa kondoo dume aliyefungwa kwenye kigingi, anatafuna bila wasiwasi. Selloane alilala kifudifudi nyuma ya mstari wa mwisho, akangoja. Ardhi ikaanza kutetemeka chini ya tumbo lake. Farasi wakaja shingo kwa shingo, watu wakapiga vigelegele, naye akabonyeza.

Vumbi halijatua, ugomvi ukazuka.

"Sefako ametangulia kwa pua!" alifoka Ntate Sekhonyana.

"Pua gani? Huyo wako ana matundu mawili tu ya kupitishia upepo!" alijibu Ntate Khoabane.

Fimbo zikaanza kuinuliwa. Ndipo mtu mmoja akapaza sauti: "Jamani, mkwe wa Mapalesa alikuwa pale na kamera! Atuonyeshe!"

Wakamzunguka. Selloane akaitazama picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Mabega yakaanza kumtetemeka.

"Nani kashinda? Sema, binti!"

"Mè Mapalesa," akasema, machozi ya kicheko yakimtoka.

Wakaigombania. Farasi hawakuonekana hata kwato. Katikati ya picha alikuwa Mè Mapalesa, miguu yote miwili hewani, mdomo wazi, kilemba kimemdondoka, maandazi yanaruka kutoka kwenye beseni kama ndege walioshtuliwa, na blanketi lake limetanda kama mbawa, limeuziba mstari wote wa mwisho.

"Nipeni hapa," ilisema sauti iliyozoeleka. Watu wakampisha. Selloane alitamani ardhi immeze. Bibi akaikazia macho ile picha.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mè."

"Nilikuwa nashangilia nani?"

Akaigeuza kamera huku na huku.

"Hata mimi sijui!" akasema, akacheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi, na uwanja mzima ukacheka naye.

"Na kondoo je?" aliuliza Ntate Sekhonyana, akijipangusa macho.

"Achinjwe tule wote," akajibu bibi. "Shahidi wenu alikuwa angani."

Jioni ile, wakirudi nyumbani, alimshika Selloane mkono. "Nilipokuwa msichana nilikuwa nawashinda kaka zangu wote, tena bila tandiko. Nilipoolewa nikaambiwa mke wa watu hakimbizi farasi. Nikadhani nimesahau." Akatembea kidogo. "Kumbe miguu haikusahau. Nitengenezee picha ile, mwanangu. Kubwa."

Ikatengenezwa, moja nyumbani kwake, nyingine ukutani kwenye nyumba ya wageni. Tangu hapo watalii wakawa wanamuulizia yeye kabla ya maporomoko. Hakuwakatalia, ila kila aliyetaka kumpiga picha ilibidi kwanza aruke yeye mwenyewe. Wazee wa watu wameruka uani pale na viatu vyao vizito, wakishangiliwa na kuku.

Selloane naye akaanza kusafiri na kamera kwenye vijiji vya ng'ambo ya vilele, kusikofika gari, kuwapiga picha watu ambao hawakuwahi kupigwa. Mè Mapalesa hakuombwa kufuatana naye. Siku ya safari ya kwanza Selloane alimkuta juu ya farasi, mkoba wa chakula umeshafungwa, anauliza kwa nini anacheleweshwa.

Katika kijiji cha kwanza alijitokeza mzee aliyevaa blanketi lake la sherehe. Akasimama mbele ya kamera amekakamaa, ngumi zimekazwa, pumzi ameibana. Selloane alimbembeleza, wapi.

"Ntate!" akapaza sauti Mè Mapalesa kutoka juu ya farasi. "Unapigwa picha, hupigwi risasi!"

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, kisha majirani, kisha mzee mwenyewe, meno yake machache yote nje. Selloane akabonyeza.

"Bado," akasema mzee, akimvuta mkewe karibu na kumfunika kwa upande mmoja wa blanketi. "Tupige tena, na huyu."