Mchana Nilipomwita Maman Njia Panda ya Nguba
Juzi niliona vijana wakichora mistari ya kuvukia watu kwenye njia panda ya Nguba, na harufu ya rangi ikanirudisha utotoni. Siku ile nilikuwa nikitoka masomo nilipomwona maman, mama yangu, ng'ambo ya barabara, katikati ya moshi wa mahindi ya kuchoma.

“Maman, niko hapa!” nikapiga kelele.

Akavuka mbio bila kutazama. Pikipiki ikamgonga, ikamvunja mguu.

Niliamini sauti yangu ndiyo iliyomwangusha. Leo najua kwamba kosa lilikuwa la barabara, kwa kuwa pale hapakuwa na alama wala tuta, lakini moyo haujakubali.

Hospitalini nilimkaribia nikilia. “Ulisha kula?” akaniuliza. Nikadhani ananificha hasira. Nilipozaa ndipo nilipoelewa kwamba, katika maumivu yale yote, njaa yangu ndiyo iliyomuuma zaidi.