Jeki Iliyorudishwa Kimya

Nawaandikia ninyi mnaotengeneza magari uani kwenu. Naitwa Ezekia, nina miaka hamsini na miwili, nakaa Sakina, nyuma kidogo ya barabara ya Nairobi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo makosa ya kalamu mnivumilie. Na nitataja watu kwa majina. Mchungaji aliniomba nishuhudie kanisani bila kumtaja mtu, nikamwambia basi sishuhudii. Mguu uliovunjika ni wangu, na waliouvunja wana majina yao, wabatizwa kama mimi.

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa nguvu. Giaboksi naishusha peke yangu, naiweka kifuani kama mtoto mchanga, natoka nayo chini ya gari nikijivuta kwa mgongo. Gereji yangu ni ile wanayoiita gereji bubu. Haina kibao. Ni ua wa nyumba, bati chache juu na udongo chini. Lakini wateja walikuja, maana mkono wangu ulijulikana.

Jeki niliyotumia ni ile fupi ya chupa, ya mafuta. Tuliinunua pamoja na kaka yangu Anaeli kwa kahawa ya shamba la baba, huko juu Olmotonyi, baada ya mzee kufariki. Ilikuwa yetu sote wawili. Ikikaa kwangu, siku akiihitaji kunyanyua trela lake la majani ya ng'ombe, anaichukua. Akimaliza anairudisha.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mguu wangu ulipoanza kuvunjika. Kwetu Umeruni baba akifa, kaka mkubwa ndiye baba. Akikurudishia kitu, humuulizi kimerudi na hali gani. Unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Kumhoji ni kama kupeana naye mkono halafu ukahesabu vidole vyako. Wiki ya ajali Anaeli aliirudisha jeki ndani ya kiroba. Nilipoitoa, chini ilikuwa imelowa, na ile harufu haikuwa ya gereji, ilikuwa ya jikoni. Nikaifuta kwa tambara. Kaka alikuwa amekaa hapo hapo anakunywa chai yangu. Sikumuuliza. Naye hakusema kitu. Basi jina la kwanza kwenye orodha yangu ni Ezekia, mimi mwenyewe, kwa kufunga mdomo.

La pili ni Godlisten, muuza spea mjini. Yeye ndiye aliyeniuzia stendi mbili nyekundu za kuegemeza gari. Aliniapia zinabeba hata lori. Rangi ilikuwa mpya, inang'aa, nikaipenda rangi. Sikukwaruza kuona kilicho chini yake. Kumbe lilikuwa bomba jembamba la maji, limeunganishwa kwa vitone vya kulehemu kama mtu aliyekuwa anaharakisha kwenda msibani.

Ajali ilikuwa asubuhi, kipindi cha masika. Ardhi imelewa maji. Mteja ameniletea pikapu ya kubebea ndizi, bushi za mbele, zile raba za viungo vya tairi, zimekufa. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikaweka jeki juu ya kipande cha ubao, nikapiga mpaka gari likapanda. Nikavua tairi la mbele kushoto, nikaliegemeza ukutani, mbali. Stendi moja nikaiweka chini ya chesisi. Ya pili niliiacha kando kwa sababu ilinizuia kupitisha bega. Nikalala chali, kichwa kikielekea mbele ya gari, nikaingia.

Nilifungua nati ya kwanza. Nilipokuwa kwenye ya pili niliona chuma cha chesisi kimekaribia pua. Nikadhani ni macho yangu. Nikaendelea. Baada ya muda kidogo nikaona kimekaribia zaidi, naweza kukilamba. Jeki ilikuwa inashuka taratibu, kimya kimya, na uzito wote ulikuwa unahamia kwenye bomba la Godlisten. Nikasikia mlio kama mtu anavunja muwa. Nikajivuta kwa viwiko kutokea chini ya bampa. Kiwiliwili kilitoka. Mguu wa kushoto ulitoka. Wa kulia haukutoka.

Diski ya breki ilitua juu ya muundi. Maumivu hayakuja kwanza. Lilikuja joto, kama nimemwagiwa chai ya moto ndani ya suruali. Nikatazama, nikaona goti langu liko kwangu, na chini ya goti hakuna mguu, kuna gari.

Mke wangu, Mama Neema, alipiga yowe, watu wakajaa. Wawili wakanishika makwapani waanze kunivuta. Aliyeniokoa ni jirani yangu Mzee Rajabu, fundi cherehani, mzee wa watu aliyehamia huku kutoka Kaloleni. Aliingia na futi yake bado shingoni, akasema kwa sauti ya chini tu, "Mwacheni. Mkimvuta mtabaki na nusu yake." Akaagiza lile tairi nililoliegemeza ukutani lisukumwe chini ya chesisi, na la spea juu yake, ili gari lisishuke tena. Ndipo wanaume wakachomeka mti mrefu wa mgrevilea wakalinyanyua, nami nikatolewa. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, mweupe, una tope. Mzee Rajabu akaufunga mguu juu ya jeraha kwa kitambaa cha suti ya mtu. Nasikia mwenye suti hakumdai hata senti. Mungu ambariki.

Hospitali waliosha, wakafunga vyuma vya nje, vinaingia kwenye mfupa kama misumari kwenye ubao. Siku nne nilikuwa nacheka na wageni. Siku ya tano homa ikapanda, meno yakagongana, na mguu ukaanza kunuka. Nisifiche, ulinuka kama panya aliyefia darini. Usaha ulitoka wa kijani. Vidole vikavimba. Ngozi karibu na jeraha ikageuka nyeusi, na ule weusi ukawa unapanda.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, ningeweza kumzaa. Alichukua kalamu ya wino akachora mstari kuzunguka mguu, pale weusi ulipoishia. Akaniambia, "Baba, sitakudanganya. Asubuhi saa mbili nitarudi. Weusi ukiwa umevuka huu mstari, nakata juu ya goti."

"Na usipovuka?"

"Usipovuka nausafisha, tunaendelea kupigana."

Tangu alipotoka sikuangalia kitu kingine. Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, acha kuuchungulia, mguu si maziwa kwamba yatachemka ukigeuka." Nikamwambia nataka nione mwenyewe weusi unapovuka, nisiambiwe na mtu.

Jioni hiyo hiyo Anaeli alikuja. Amebeba loshoro ya mkewe, mahindi ya kupikwa na maziwa mgando, kwenye chombo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akaomba. Baadaye akasema nimshukuru Mungu, hii ni ajali kama ajali nyingine. Nikautazama ule mstari. Nikajua kwamba kama asubuhi nitaamka sina mguu, sitapata tena nguvu ya kuuliza. Basi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamhoji kaka yangu mkubwa.

"Kaka, uliweka mafuta gani kwenye jeki?"

Akazungusha kofia magotini. "Ya alizeti. Ya jeki yenyewe yalikuwa yamevuja, mpira wa ndani umekufa."

"Ulijua inashuka?"

"Inashuka pole pole, Ezekia. Nikadhani utaiona mwenyewe. Wewe si ndiye fundi?"

Nilimwomba aondoke. Sikupaza sauti, sina sauti hiyo ya kumpazia kaka. Loshoro alikula mgonjwa wa kitanda cha jirani, akasifu maziwa.

Asubuhi daktari alikuja. Akafunua shuka, akainama, akaleta tochi ya simu. Akaipitisha kuzunguka mstari wote. Kisha akamwonyesha nesi kwa kidole, akasema, "Haujavuka." Mama Neema alikaa chini sakafuni palepale, hakutafuta kiti.

Msidhani yaliishia hapo. Niliingia chumba cha upasuaji mara tano. Walikwangua nyama iliyokufa mpaka wakafika kwenye nyama inayotoka damu. Walinichuna ngozi ya paja kama anayemenya kiazi, wakaibandika kwenye muundi. Paja liliniuma kuliko mguu wenyewe. Nilijisaidia kwenye beseni mbele ya binti yangu. Nilikonda mpaka pete ikaanguka. Nilipopewa magongo na kuambiwa nikanyage, nilikanyaga nikazimia, nikaamshwa, nikakanyaga tena. Mtaalamu wa mazoezi akaniambia tupumzike mpaka kesho. Nikamwambia kesho nitakuwa na ya kesho. Nilihesabu hatua: kwanza mpaka mlangoni, halafu mpaka bombani, halafu mpaka kwa Mzee Rajabu na kurudi. Vyuma vilikaa mwaka na zaidi. Leo mguu huu ni mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa kidole. Lakini ni wangu, unakanyaga chini.

Nilipokuwa bado kitandani, mke wangu alimpelekea Godlisten ile stendi iliyopinda. Godlisten akaigeuza geuza, akamuuliza, "Kwani mimi nilimwambia alale chini yake?" Wateja dukani wakacheka. Hiyo sentensi naiandika ili nanyi muijue, mkienda kununua kwake.

Wazee wa ukoo nao walikaa. Anaeli akaleta kondoo. Wakanitaka niseme mbele ya watu kuwa yalikuwa mapenzi ya Mungu, yaishe. Nikawaambia Mungu hakutia mafuta ya kupikia kwenye jeki. Nyama nilikula, kondoo hana kosa. Kusamehe bado. Siku nikisamehe nitasema, sitajifanya.

Wengi walinishauri niuze spana zangu nifungue genge la mboga. Nilikataa. Nilijiambia kilichonivunja si gari, ni vile vitu nilivyoweka chini yake na maneno ambayo sikuyasema. Vyote viwili vinabadilika. Kwanza nikamwaga zege uani, eneo la gari moja tu, kwa sababu kwenye udongo hata jeki nzuri inazama au inalala upande. Halafu nikaingia madukani na magongo yangu, nikawasumbua wauzaji kweli kweli.

Kabla hujanunua, ujue uzito wa gari unalonyanyua, umeandikwa kwenye kibati chake au kwenye kadi. Usichukue kifaa kinachotosha kwa shida, chukua kinachozidi. Mimi nilichukua jeki ya magurudumu, ile ndefu ya kulala, kwa sababu kitako chake ni kipana, haiyumbi kama ya chupa. Nilimwambia muuzaji ainyanyulie gari lake mwenyewe mbele yangu. Nikapima kwa rula kutoka chini mpaka kwenye chesisi, tukanywa chai, nikapima tena. Ya kwanza ilikuwa imeshuka, nikaikataa. Akanuna. Ya pili haikushuka. Mafuta yake ni ya jeki, si ya breki wala ya alizeti, na mpira ukivuja haitumiki mpaka ipone.

Stendi nilikwaruza rangi kwa ufunguo, yeye anapiga kelele, mimi nakwaruza. Nilitaka nione mshono wa kulehemu umejaa pande zote, miguu ni chuma kinene, uzito unaobeba umegongwa kwenye chuma na si karatasi ya kubandika, na kuna pini inayopita toka upande hadi upande. Stendi nyepesi mkononi, irudishe. Nunua mbili, na zote mbili ziingie chini ya gari hata kama zinakubana bega. Jeki ni ya kupandishia tu, haina kazi ya kushikilia gari mtu akiwa chini. Magurudumu yanayobaki chini yazuie mbele na nyuma kwa kabari, si jiwe. Tairi ulilovua lilaze chini ya chesisi, kama alivyofanya fundi cherehani ambaye hajawahi kushika spana. Halafu lisukume gari kwa bega, kwa hasira. Likitikisika ukiwa nje, ungekuwa ndani ungejuta.

Na ukimrudishia mwenzako kifaa kibovu, sema ni kibovu. Ukirudishiwa, uliza, hata kama ni baba yako. Heshima isiyouliza imeniachia kovu la urefu wa shubiri mbili.

Namshukuru Mungu, na Mzee Rajabu, na yule dada wa kalamu, na Mama Neema aliyenibeba kama gunia bila kunitupia neno. Wewe uliyelala sasa hivi na vyuma mguuni, unanusa harufu yako mwenyewe na kuona aibu, nakwambia kanyaga. Uzimie, uamke, ukanyage tena.

Gari la kwanza baada ya ajali lilikuwa pikapu nyingine ya ndizi. Nilipanga kila kitu, nikalisukuma mara tatu, Mama Neema amesimama mlangoni na mikono kichwani. Nilipolala chali spana ikawa inagonga chuma yenyewe mkononi. Nikasubiri mpaka ikanyamaza. Nikafungua nati zote, nikabadilisha bushi, nikafunga. Kisha nikatoka, nikainuka bila gongo, nikamwambia mke wangu anipashie maji ya kuoga.